Maji Yamo Mchangani: Neno kwa Vikundi vya Kitui na Makueni

Shuka mwezi wa Septemba hadi Mto Tiva au Thua upande wa Kitui, au Kaiti na Thwake upande wa Makueni. Hutakuta maji. Utakuta mchanga mpana mweupe, nyayo za ng'ombe, na punda aliyesimama kwa subira akiwa na mitungi minne ya lita 20 mgongoni. Ukisogea karibu utaona kitambaa cha kichwa kikitokeza mchangani: ni mama aliyeingia shimoni hadi mabegani, akichota maji kwa kikombe, taratibu, ili asiyachafue. Maji ya shimo yakipungua atangoja. Yatajaa tena kidogo, naye atachota.

Shimo lile linatuambia kwamba mto umekauka juu tu. Chini bado una maji. Vikundi vingi vinavyokaa kuzungumzia shida ya maji huanza na ombi moja, kuchimbiwa kisima kirefu kwa mashine. Siwalaumu, ila kwetu Ukambani visima vingi vya aina hiyo hutoa maji ya chumvi, na pampu ikiharibika kijiji hurudi kulekule mtoni. Ushauri wangu ni muanze mtoni, na kwanza muulize ni nini kinachoyapoteza maji ambayo Mungu tayari ameyaleta.

Mvua zetu ni mbili: uua, kuanzia Machi hadi Mei, na nthwa, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba. Wakulima wengi hutegemea nthwa zaidi, maana uua huwasaliti mara nyingi. Mvua yenyewe hushuka kwa ghadhabu siku chache, mto ukajaa kwa saa kadhaa, kisha maji yote yakaenda zake kuelekea Athi au Tana na hatimaye baharini. Bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto wa aina hiyo, wenye kimo cha mita 1 hadi 4 hivi, na msingi wake umekaa juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga na tope. Mchanga ni mzito, kwa hiyo hutua nyuma ya ukuta; tope ni jepesi, likapita juu na kwenda. Baada ya misimu michache, wakati mwingine mmoja tu, nyuma ya ukuta pamejaa mchanga, na ndani ya mchanga huo mna maji.

Tupige hesabu. Chukua bwawa ambalo mchanga wake umerudi nyuma mita 500, upana mita 20, na kina cha wastani mita 1 na nusu. Hiyo ni mita za ujazo 15,000 za mchanga. Mchanga wa chembe kubwa hukuachia robo hivi ya ujazo wake kuwa maji ya kuchota. Utapata lita milioni 3.75, yaani mitungi 187,500. Lambo la wazi hupoteza karibu mita mbili za kina kwa mwaka kwa sababu ya jua letu. Maji yaliyo zaidi ya sentimita 60 chini ya mchanga jua halifiki. Mbu wa malaria naye hapati pa kutagia.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1950 wahandisi wa serikali ya kikoloni walijenga kuta za aina hii Machakos na Kitui, na baadhi yake bado zinashika maji. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake wa Utooni, huko Kola, walianza kwa mikono yao kazi iliyokuja kuwa shirika la Utooni. Kuanzia miaka ya 1990 shirika la SASOL likaijaza Kitui ya kati mamia ya mabwawa, moja baada ya jingine kwenye mto mmoja. Wataalamu kutoka nchi nyingi wamekuja hapa kujifunza. Ni sisi tunaopaswa kuwa walimu wa jambo hili, na inaniuma kuona kikundi kilicho kilomita chache kutoka bwawa linalofanya kazi kikisubiri lori la maji.

Sasa, mahali pa kujenga. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo niruhusuni nikae kidogo.

Anzeni kwa kuwauliza akina mama wazee. Wao wanajua shimo lipi halikauki hata mwaka wa njaa, na shimo hilo kwa kawaida linaonyesha kwamba chini yake kuna mwamba uliopita kama kizuizi na kuyashika maji. Tazameni miti: mkuyu mkubwa wa kijani kibichi ukingoni wakati mingine yote imepukutisha majani una mizizi iliyofika majini. Kisha tafuteni chuma cha milimita 16, mkichonge ncha, mkikate vijipengo kila sentimita 25, mkipigilie mchangani kwa nyundo. Kikigonga mwamba mtasikia mlio wake umebadilika. Mkikichomoa, vijipengo vitakuja na mchanga wa kila kina, nanyi mtaona kama ni mkavu au umelowa, kama ni wa chembe kubwa au ni tope. Fanyeni hivyo sehemu nyingi, kutoka ukingo hadi ukingo, mkiandika vipimo daftarini.

Mchanga nao upimwe. Kata mtungi wa lita 20 sehemu ya juu, uujaze mchanga mkavu wa mto huo, mimina maji taratibu mpaka yafike juu. Toboa tundu chini, acha yatoke kwa saa moja, uyapime. Ukipata lita 5 au zaidi, mchanga wako ni mzuri. Ukipata lita 1, mto huo unaleta tope, na ukuta mtakaoujenga utajaa udongo. Katika mto wa namna hiyo, kama mnalazimika kuutumia, ukuta usipandishwe kwa mara moja. Acheni mwanya wa kupitishia mafuriko katikati, muuinue kidogo kila baada ya mvua, ili mchanga utue na tope lipate njia. Wanaotaka kumaliza mradi haraka wapigwe picha huukataa ushauri huu.

Epukeni mahali mnapoona ng'ombe na mbuzi wakilamba mawe ya ukingoni. Mawe yale yana chumvi, na maji ya bwawa yatakuwa na chumvi. Epukeni kona ya mto, na mahali kingo zilipo chini, kwa sababu mafuriko yatauzunguka ukuta. Nimewahi kusimama mbele ya ukuta mzuri, mnene, usio na ufa hata mmoja, uliobaki peke yake katikati ya mto ambao ulikuwa umejitengenezea njia mpya pembeni. Mabawa yake hayakuingia vya kutosha katika ukingo. Miezi ya jasho la kijiji ilipotea usiku mmoja. Msiudharau mto kwa sababu mnauvuka kwa miguu mwezi wa Agosti. Desemba 2021 Mto Enziu, karibu na Mwingi, ulisomba basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mabawa yaingie ndani ya kingo, na nyasi za kulishia ng'ombe zipandwe hapo mara moja ili mizizi iushike udongo.

Kwa hiyo mhandisi ni lazima. Kikundi kinaweza kuleta mawe, mchanga, maji na nguvu, na hiyo ni sehemu kubwa ya gharama. Mwethya, desturi yetu ya kufanya kazi pamoja, ndiyo iliyojenga karibu kila bwawa mnaloliona. Lakini hesabu za msingi, unene na mwanya wa mafuriko si kazi ya kukisia. Afisa wa maji wa kaunti yupo kwa ajili hiyo, na tangu 2013 maji ya vijijini ni jukumu la kaunti. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kujenga mtoni. Kibali hicho kinawasaidia pia ninyi siku jirani wa chini ya mto atakapolalamika.

Kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kununuliwa, kuna karatasi nyingine. Ukuta unashika kingo mbili, na kila ukingo una mwenyewe. Waketi wote wawili na wake zao na wana wao wakubwa, mbele ya naibu chifu, waandike kwamba wametoa njia ya kufikia maji kwa kila mtu, milele, hata shamba likiuzwa au kurithiwa. Mzee mkarimu anaweza kufariki, na mtoto wake aliyeko Nairobi akarudi na kuweka seng'enge. Ugomvi wa njia umefunga maji mengi kuliko nyufa.

Mchanga wenyewe nao una wezi. Nairobi inajengwa kwa mchanga wa Ukambani, na lori huja usiku. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Kitui ilipiga marufuku kuusafirisha nje ya kaunti Januari 2018. Sheria hizo ni nzuri, lakini hazilali mtoni. Kijana anayelipwa kupakia lori anahitaji kuelezwa kwa hesabu: lori la mita 10 za ujazo linaondoka na nafasi ya lita 2,500 za maji, na hasara hiyo hurudi kila msimu mpaka mto ulete mchanga mwingine. Mama yake ndiye atakayetembea mbali zaidi. Andikeni katika sheria ndogo za kikundi kwamba mchanga wa bwawa hauuzwi, hata na mwanachama, hata kwa kujenga shule, kisha mzitunze sheria hizo. Wenye kuzivunja wakionewa haya mara moja, hamtakuwa tena na bwawa la kulilinda.

Maji yakishapatikana, yachoteni kwa usafi. Shimo la wazi lililochimbwa kwenye bwawa halina tofauti na lile la zamani: mbuzi anakunywa humo, mtoto anaingia na miguu. Chimbeni kisima kifupi ukingoni, kijengwe kwa pete za zege, kifunikwe, kiwekwe pampu ya mkono. Birika la mifugo liwe chini ya ukuta, mbali na kisima. Kila familia itoe kiasi kidogo kila mwezi, hata kama ni shilingi chache, na mwekahazina awe mtu ambaye akina mama wamemchagua wenyewe, kwa kuwa pampu ikiharibika ni wao watakaorudi kutembea. Vipuri vya pampu vinunuliwe kabla haijaharibika.

Palipo mbali na mto, tazameni juu. Paa la mabati la mita za mraba 40 si paa kubwa. Nyumba nyingi zinalo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Msimu wa nthwa ukileta milimita 300, na tukitoa sehemu ya tano kwa maji yanayoruka na kuvuja, paa hilo limekupa lita 9,600. Familia ya watu sita inayotumia lita 5 kwa kila mtu kwa kunywa na kupika hutumia lita 30 kwa siku. Kiangazi kirefu, kutoka mwisho wa Mei hadi mwisho wa Oktoba, ni siku 150 hivi: lita 4,500. Kwa hiyo tangi la lita 5,000 lililojaa uua unapokwisha, likiwa la kunywa na kupika tu, linavuka kiangazi. Wengi hununua tangi kubwa kisha wakafunga kipande kimoja cha gata upande mmoja wa paa, maji mengine yakamwagika na kuchimba msingi wa nyumba. Fungeni gata pande zote, ziinamie tangi kwa sentimita moja kila mita, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yaoshe paa kabla ya kuingia. Vikundi vya kuweka pesa kwa zamu, ambavyo kila kijiji kinavyo, vinaweza kumpa mwanachama mmoja tangi kila mwezi badala ya pesa taslimu. Huko Mutomo na kusini mwa Kitui, palipo na majabali makubwa, ukuta mfupi wa saruji ukiongozwa kuzunguka jabali huyapeleka maji yake tangini, na shule nzima hunywa.

Nikiacha hapo nitakuwa nimesema nusu ya jambo. Mchanga huchuja, ila hausafishi kila kitu, na mto ni mahali ambapo vyoo vya kijiji kizima hushukia mvua inaponyesha. Maji ya kunywa yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, yasubiri nusu saa. Pasipo na dawa wala kuni za kuyachemshia, jua letu linatosha: jaza maji maangavu katika chupa za plastiki zisizo na rangi, za lita moja au mbili, zilaze juu ya bati kutwa nzima, angalau saa sita za jua kali. Siku ya mawingu, siku mbili. Maji yenye tope yachujwe kwanza, maana jua halipenyi tope.

Kuhusu vyoo, Kitui ni miongoni mwa kaunti za kwanza Kenya kutangazwa kwamba watu wake hawaendi tena haja porini. Ni heshima kubwa, na ilipatikana kwa wanakijiji kuketi na kuchora ramani ya kijiji chao chini, wakaonyeshana kinyesi kinakoenda na jinsi kinavyorudi kwenye chakula. Utaratibu huo ulianzia Bangladesh mwisho wa miaka ya 1990. Heshima hiyo ina adui mmoja: mvua. Udongo wetu katika sehemu nyingi ni wa kichanga, na shimo la choo lililochimbwa kwa pembe nne bila kuzungushiwa kitu hubomoka msimu wa pili. Familia iliyochimba mara moja kwa moyo haichimbi mara ya pili. Basi chimbeni shimo la mviringo, ambalo kuta zake hujishika zenyewe, na mita ya juu ijengwe kwa mawe au matofali. Kifuniko cha zege chenye umbo la kuba, kilichobuniwa Msumbiji mwaka 1979, hakihitaji vyuma, kwa kuwa kuba hujibeba lenyewe; fundi wa kijiji anaweza kukisubu kwa kalibu ya udongo.

Nzi na harufu vinaondolewa na bomba. Choo chenye bomba la hewa kilibuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970. Upepo unaopita juu ya bomba huvuta hewa ya shimoni. Nzi hufuata mwanga hadi juu, wakakuta wavu. Bomba lipite paa kwa nusu mita, liwe upande wa jua, na ndani ya choo pawe na giza kiasi. Wengi huweka bomba wakasahau wavu; bomba bila wavu ni mlango wa nzi. Ambaye hana pesa ya bomba afunike tundu na kutia majivu.

Lakini choo ninachokipenda kuliko vyote, hasa kwa Makueni, ni cha shimo fupi. Shimo la mita moja, kifuniko chepesi, kibanda cha nyasi kinachohamishika. Baada ya kila haja, tupa kopo moja la udongo na majivu. Shimo likikaribia kujaa, baada ya miezi sita hadi mwaka, hamisha kibanda, jaza udongo wa kutosha juu, na mvua ikianza panda mche. Makueni ni nchi ya maembe. Ndiko kaunti ilikojenga kiwanda chake cha matunda, Kalamba. Baada ya miaka kumi familia inakuwa na miembe kumi, na hakuna shimo refu linalokaribia maji ya chini.

Choo cha aina yoyote kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisima, upande wa chini wa mteremko, na kisikaribie ukingo wa mto. Mtungi mdogo wa maji uliotobolewa na kufungwa kamba ya kukanyagia, ule ambao wenzetu wa Tanzania huuita kibuyu chirizi, utundikwe hapo hapo pamoja na sabuni. Ukiwekwa jikoni watoto watapita bila kunawa.

Tangu 2018 bwawa kubwa la Thwake linajengwa mpakani mwa kaunti zetu mbili, nalo limesanifiwa kushika mita za ujazo milioni 688. Nalitakia heri, na nangoja siku mabomba yake yatakapofika. Lakini vijiji vingi viko juu ya mlima au mbali na bomba lolote, na msimu huu hautangoja.

Nthwa huanza mwisho wa Oktoba. Ukuta ukishajengwa unahitaji wiki tatu za kumwagiliwa maji ili saruji ikomae. Kubeba mawe na kujenga huchukua miezi miwili au zaidi. Kupima mto, kuandikiana na wenye mashamba na kutafuta kibali huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Kikundi kinachotaka ukuta wake uzikute mvua za nthwa kiitishe mkutano wa kwanza Januari, na safari ya kupima mchanga iwe imefanyika kabla uua haujaanza, mto ukiwa bado mkavu.